Samaki Aliyevuliwa Mara Mbili

Githae alishuka kwenye gari la kuazima, Probox, akiwa amevaa kizibao cha mifuko. Mifuko kifuani, mifuko mbavuni, mifuko mpaka mgongoni, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Ndila alikitazama kile kizibao akajiuliza mwanaume anayesimamia nyumba za kupangisha za mjomba wake huko Ruiru angetia nini katika mifuko yote hiyo kando ya mto. Kichwani alikuwa na kofia pana ya kitambaa, kamba yake imefungwa kidevuni barabara, utadhani Mto Thika una tufani. Mkononi alishika fimbo ya kuvulia ya dukani, mpya kabisa, karatasi ya bei bado inaning'inia.

"Sasa, babe?" akasema, meno yote nje.

"Toa hiyo karatasi," Ndila akamjibu. "Baba akiiona ataisoma kwa sauti."

Akaitoa, akaikunja, akaitia katika mfuko mmojawapo. Angalau huo ulipata kazi.

Sasa mtu asije akadhani Ndila alikuwa hampendi. Alimpenda, na hapo ndipo penye shida. Mtu usiyempenda ukimwona na kofia kama ile unacheka, unaenda zako. Lakini huyu Githae ndiye aliyekuwa akimngoja kwenye geti la kiwanda cha juisi, kule eneo la viwanda, kila akitoka zamu, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiye aliyejua kumchekesha mpaka machozi yamtoke. Ndila alikuwa na miaka thelathini na miwili, anapima ubora wa juisi siku za kazi na kupiga picha za ndege siku za mapumziko, na alikuwa amekwisha kuamua kwamba akiolewa, ataolewa na huyu. Kilichobaki ni baba yake kukubali. Na huyo baba yake, jamani!

Mzee Mutisya. Supavaiza mstaafu wa kiwanda cha nguo, mzee wa kanisa, bingwa wa kuhutubia watu wakiwa wanatafuna. Kila Jumamosi asubuhi alitoka nyumbani kwake mtaani Makongeni, mjini Thika, na mwanzi wake na kopo la minyoo, akarudi jioni na samaki wawili watatu ndani ya gazeti, wamekwisha kuparuliwa na kuoshwa, tayari kwa sufuria. "Nimewasafisha hukohuko mtoni," husema, "mama yenu asichoke." Basi watu wakae mezani, aombe sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa kumpa mikono yenye nguvu, kisha aanze. Kwamba mwanaume ni yule anayekula kilichotoka mkononi mwake. Kwamba siku hizi wanaume wamekwisha, wamebaki watu wa kununua. Mume wa Carolyne, dada yake Ndila, alikuja na nyama ya buchari siku yake ya kwanza kwa wakwe, na tangu hapo mzee hajawahi kumwita kwa jina lake. Humwita Mtu wa Kununua, mbele ya watoto wake mwenyewe yule bwana.

Githae naye akaharibu zaidi. Siku aliyokuja kujitambulisha, mama yake Ndila, Kalondu, aliweka mezani ugali na samaki wa kukaangwa aliyemwagiwa rojo la nyanya na dania, chakula cha kumwonyesha mgeni heshima. Githae akamtazama samaki, samaki naye akamtazama Githae. Huko Ruiru siku hizi kila kona ina kikaango cha samaki, na Wakikuyu wenzake wanapanga foleni kama watu wengine wote, lakini cucu yake, yaani nyanya yake aliyemlea, alimwita samaki nyoka wa maji mpaka siku anaingia kaburini. Katika nyumba ile hakuna samaki aliyewahi kuvuka kizingiti, awe mbichi au amekaangwa.

"Kwetu hii hatukulangi," Githae akasema kwa adabu. "Mimi nitakula na sukuma tu."

Tonge la Mutisya likasimama hewani.

"Mtu anaogopa samaki," akasema, "simba akiingia boma atafanya aje?"

Simba, Makongeni! Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndipo mzee akatoa hukumu yake. Kijana aje Jumamosi mtoni. Avue samaki mmoja, mmoja tu, hata awe wa urefu wa kidole. Akimvua, wazee wa kwao waje waongee mambo ya ndoa. Asipomvua, arudi kwao akale viazi.

Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda mtoni, Ndila alimpigia Githae simu akamsihi. "Mwambie tu hujui. Mwambie, Baba, sijui kuvua, nifundishe. Yule mzee ukimwambia akufundishe kitu anakuwa uji."

"Aii, Ndila. Mimi nisimame mbele ya mzee wa watu niseme sijui?"

"Ndiyo. Sijui. Ni neno moja."

"We tulia. Nimejipanga."

Nimejipanga! Mwanaume akikuambia amejipanga, shika kichwa. Ndila hakumtaka ajue kuvua. Yeye mwenyewe hajui. Alimtaka aweze kulisema lile neno moja, kwa sababu amekulia katika nyumba ambamo mwenye nyumba hajalisema tangu azaliwe, na hakutaka kutoka kwenye nyumba hiyo aingie nyingine kama hiyo. Hicho tu ndicho alichokuwa akikitafuta mtoni siku ile, na Githae alikuwa ameambiwa waziwazi.

Basi asubuhi ile wakashuka kwa njia ya katikati ya mahindi na majani ya ng'ombe, Mutisya mbele na gambuti zake za mpira, Githae katikati na kizibao chake na kibegi cha chakula begani, Ndila nyuma na kamera. Hakuwa amewahi kuruhusiwa kumfuata baba yake huku. "Mto hautaki wanawake," ndiyo ilikuwa kauli, "samaki huwasikia." Safari hii Kalondu, ambaye kwa kawaida hujibu neno moja pale wengine wanapojibu kumi, alisema, "Mwache aende. Ndoa ni yake." Mzee akakosa pa kushika.

Asubuhi ilikuwa nzuri kuliko watu waliokuwa ndani yake. Kilima cha Kilimambogo kilionekana chote, hakina wingu hata moja. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya mkandaa, ukipita polepole kwenye mawe, na ng'ambo yangeyange wawili weupe walikuwa wanatembea kwenye tope kama mashemasi siku ya sadaka. Ndege fundichuma alikuwa juu ya jiwe, kichwa chake kama nyundo. Ndila akapiga magoti ampate vizuri. Alipogusa kitufe tu, baba yake akaanza somo.

"Kitu ya kwanza ni kunyamaza!" Mutisya akanguruma. "Samaki ana masikio! Ukiongea anakusikia!"

Fundichuma akaruka. Yangeyange wakamfuata. Hata Ruiru, kama upepo ungekuwa unaelekea huko, watu wangepata faida ya somo lile juu ya kunyamaza.

"Ni kweli kabisa, mzee," Githae akasema, naye kwa sauti. "Hata mimi ndivyo nimekuwa nikifanya."

Wapi? Lini? Kwenye bafu la mjomba? Ndila akamtazama kisogo akangoja aongeze hata "lakini sina uzoefu." Hakuongeza. Akatoa fimbo yake, akazungusha kile kigurudumu cha mshipi, na mshipi wote ukatoka kwa pamoja ukamjaa mikononi kama nywele zinazosukwa na mtu asiyejua kusuka.

"Hii inataka itulie kwanza," akaeleza.

Mutisya alimtupia jicho la dharau, akachomeka mnyoo kwenye ndoana yake, akarudi nyuma hatua mbili za mtaalamu, akarusha. Ndoana ikanasa suruali yake mwenyewe, nyuma, pale mtu anapokalia. Akageuka upande mmoja, akageuka upande wa pili, akijitafuta. Ndila alijiuma ulimi. Mara ya pili ndoana ikaenda kwenye tawi.

"Upepo," mzee akasema.

Hata jani lilikuwa halitikisiki. Ndila akaona ajabu. Mtu anaweza kukosea mara moja, hata mara mbili, lakini huyu alikuwa anaushika ule mwanzi kama anayeshikilia ufagio wa jirani. Githae hakuona kitu. Yeye alikuwa anatafuta njia ya kuponyoka, na akaipata.

"Mzee, wacha nipande kidogo huko juu, nitafute mahali pangu," akasema. "Hapa tutasumbuana." Akabeba kibegi chake cha chakula akapotelea kwenye kona ya mto, nyuma ya matete.

Ndila akawaacha wote wawili. Kulikuwa na ndege mmoja aliyekuwa akimtafuta kwa miezi: mdiria mdogo, yule wa buluu mgongoni na kifua cha rangi ya chungwa, ambaye hukaa juu ya tete, akazama kama jiwe, akaibuka na samaki. Picha za mdiria aliyekaa anazo. Ya mdiria na samaki mdomoni, hana. Akalala kifudifudi kwenye nyasi na lenzi yake, akaapa hatainuka kwa ajili ya mwanaume yeyote.

Akiwa pale, mtu akakohoa nyuma yake. Alikuwa Zacharia, mwenye shamba la nduma na sukuma wiki pale kando, amebeba mpira wa pampu begani. Wakasalimiana. Zacharia akachungulia chini, alikokuwa Mutisya.

"Huyo si mzee wa Jumamosi? Kumbe leo anavua?"

"Kwani si huvua kila Jumamosi?"

"Nani, huyu?" Zacharia akacheka kwa roho safi, hana habari anaongea na mtoto wa nani. "Huyu hulala pale chini ya mgunga na redio yake. Hiyo mwanzi huwa ameegemeza tu. Siku moja nilimuuliza, akaniambia amekimbia kelele ya bibi. Ikifika jioni anapitia kwa yule mama wa samaki karibu na steji ya matatu, anafungiwa wake, anaenda. Ni mzee mzuri, hana shida na mtu."

Akaenda zake kuwasha pampu. Ndila akabaki na uso wake ndani ya nyasi.

Kwanza alicheka. Alicheka bila sauti mpaka tumbo likamuuma. Mtu wa Kununua! Kumbe chama kina mwenyekiti, na mwenyekiti analala chini ya mgunga. Kisha kicheko kikaisha na hasira ikaingia. Zile sala. Ile mikono yenye nguvu. Mume wa Carolyne, mtu mpole, ametukanwa miaka yote kwa kilo mbili za nyama. Nyani haoni kundule, ndiyo, lakini huyu nyani alikuwa amepanda madhabahuni kabisa kuwahutubia wengine juu ya makundu yao. Na eti kelele ya bibi! Mama yake, ambaye ukitaka kumsikia lazima uzime redio! Ndila aliona dharau inampanda kooni kwa mtu aliyemzaa, akaona aibu kidogo, lakini haikushuka.

Akajiambia angoje. Bado Githae yupo. Githae anaweza kurudi mikono mitupu aseme, Baba, nimeshindwa. Ikiwa hivyo, mzee na mwanzi wake hawatamzuia mtu.

Basi mdiria akaja. Akatua kwenye tete mbele kabisa, buluu yake inawaka, Ndila akasahau dunia. Ndege akaruka kidogo, akafuata maji kuelekea kwenye kona, lenzi ikamfuata. Akatua tena. Nyuma yake, ndani ya lenzi, kulikuwa na kitu kikubwa cheupe kisichoeleweka. Ndila akazungusha lenzi kwa mazoea tu, na kile kitu kikaja wazi. Ilikuwa kofia.

Githae alikuwa amechuchumaa. Akafungua kibegi cha chakula, akatoa gazeti. Akalifunua gazeti, akatoa samaki. Alimshika kwa vidole viwili, uso ameugeuzia pembeni, kama baba anayebadilisha nepi kwa mara ya kwanza. Akahangaika kumpitisha ndoana mdomoni, samaki akamponyoka, akaanguka kwenye tope, akamwosha, akajaribu tena. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akamteremsha majini polepole, kwa heshima zote, kama pasta anayembatiza mtu mgonjwa.

Kidole cha Ndila kilikuwa kinabonyeza chenyewe. Picha baada ya picha. Na wakati uleule, pembeni ya jicho lake, mdiria alizama, akaibuka na samaki wa kweli, hai, anametameta juani, akapita naye juu ya maji akaenda zake. Ndila hakumpata. Lenzi ilikuwa kwa Githae.

"Nimeshika!" Githae akapiga ukelele. "Mzee! Wuui, nimeshika! Ni mkubwa!"

Mutisya akaja mbio na gambuti zake. Ndila akaja akitembea. Githae alikuwa amesimama kwenye jiwe, anapigana na fimbo kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka kwenye shimo, anajirusha nyuma, anakunja uso. Mwishowe akamtoa.

Alikuwa tilapia mnene. Magamba hana hata moja. Tumbo limepasuliwa kutoka mkiani mpaka kidevuni, ndani peupe, pamesafishwa. Mashavu yametolewa. Ubavuni alikuwa na mikato mitatu iliyopangwa vizuri, ile ya kuingizia chumvi na limau, na alipoguswa alikuwa na baridi ya friza. Na Githae anatabasamu! Mtu aliyekulia katika nyumba isiyojua samaki alikuwa amekwenda dukani Ruiru, akamwona samaki alivyo dukani, akadhani ndivyo anavyoishi mtoni.

Mutisya akamchukua. Kidole chake gumba kikaingia tumboni mwa samaki kikatoka. Huyu ndiye mtu aliyenusa nyama ya buchari kutoka mlangoni. Asingeweza kukosa hili. Na hakukosa. Alilitazama lile tumbo kwa muda mrefu, kwa sababu alilijua vizuri sana. Amebeba ndugu zake huyo samaki kila Jumamosi ndani ya gazeti. Kama angesema aliyeparuliwa hivi ni wa kununua, binti yake amesimama pale, na binti yake amekula wengi walioparuliwa hivyo hivyo. Macho yake yakapanda kwa Githae. Ya Githae yakashuka kwake. Wakaelewana bila kutamka neno.

"Samaki mzuri," mzee akasema.

"Baba, matumbo yake yako wapi?" Ndila akauliza.

"Huu mto una mawe makali. Limempasua jiwe."

"Jiwe limemtoa na magamba?"

"Wewe unajua nini ya samaki? Hawa wa huku hawanangi magamba mingi."

"Na hii mistari mitatu?"

"Kaa," Githae akadakia. "Amekwaruzwa na kaa."

Basi kaa huyo alikuwa na rula. Ndila angeweza kucheka; hata alitaka kucheka. Lakini alimgeukia Githae, akashusha sauti kama wako wawili tu. Hapa hakuwa na utani. Kama mwanaume huyu angecheka tu, angesema, Ndila, nimenunua, niliogopa, Ndila angecheka naye mpaka wote wawili waanguke majini, na angemtetea mbele ya baba yake na mbele ya kanisa zima.

"Githae. Niangalie. Umemvua huyu samaki?"

Githae akamtazama mzee. Mzee akatazama mto.

"Nimemvua, Ndila. Si mzee ameona?"

"Nimeona," Mutisya akasema. "Nimemwona na macho yangu mawili akimvuta."

Na hapo mambo yakaenda mbio. Mzee akamshika Githae mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita mwanangu, akasema kijana ana nguvu za kwenye mgongo, akasema wazee waje Jumamosi ijayo, wasichelewe. Mwaka mzima Ndila alikuwa akiomba ruhusa hiyo. Sasa ilikuwa inamwagwa pale kwenye mawe kama maji ya kuoshea vyombo.

"Tupige picha!" Githae akasema, ameshusha pumzi sasa, amefurahi. "Nimtumie mjomba!"

Wakasimama bega kwa bega, mmoja ameshika kichwa cha samaki, mwingine mkia. Ndila akainua kamera akatazama ndani ya kile kidirisha. Hawakufanana pua wala rangi. Lakini kidevu kilikuwa kimeinuliwa vilevile, tabasamu lilelile, kifua kilekile kilichojaa upepo. Akaona meza, huko Ruiru, miaka mingi mbele: watoto wamekaa kimya, mwanaume anaomba sala ndefu juu ya kitu asichokifanya, na yeye Ndila amesimama na sufuria, anasema amina. Akashusha kamera.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki kutupiga picha?" baba yake akauliza.

"Sitaki wazee waje."

"Ndila!" Githae akasema. "Kwa sababu ya samaki?"

"Ndiyo, kwa sababu ya samaki."

Mutisya akafura. "Mwiitu, binti yangu, unaniaibisha mbele ya mgeni? Mtu amekuja, amepimwa, ameshinda! Unataka nini kingine?"

Ndila akageuza kamera, akawaonyesha kile kioo cha nyuma, akabonyeza. Gazeti. Samaki. Vidole viwili. Tope. Ubatizo. Picha moja ilikuwa kali mpaka mikato mitatu ya chumvi ilihesabika. Githae alifumbua mdomo ukabaki hivyo. Mzee akazitazama zote mpaka mwisho, na hakumgeukia Githae hata kidogo.

"Ulikuwa umejificha kwa nyasi kama polisi?" akamuuliza binti yake.

"Nilikuwa natafuta ndege. Na pale kwa nyasi nimeongea na mwenye nduma. Ameniambia habari ya mgunga na redio, Baba. Na ya mama wa samaki."

Mutisya akanyamaza. Hilo peke yake lilikuwa jambo jipya. Akatafuta jiwe akakaa, mikono yenye nguvu ikaning'inia katikati ya magoti. Pampu ya Zacharia ilikuwa inanguruma huko juu. Alipofungua tena mdomo, sauti ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu Ndila apate akili alimsikia baba yake akimwomba mtu kitu.

"Usimwambie mama yako."

"Mama anajua," Ndila akasema. "Mwanamke hawezi kupokea samaki aliyeparuliwa kila Jumamosi asijue ametoka wapi. Yeye mwenyewe hununua omena kwa mama huyohuyo. Anakunyamazia tu, Baba. Amekunyamazia hadi amezoea kunyamaza."

Mzee akainamia gambuti zake. Ndila alimwonea huruma kidogo, na ile huruma ilimkera, kwa sababu ndiyo hiyohiyo iliyomfunga mama yake mdomo.

"Ndila, sikiza," Githae akasema.

Akasikiza. Alimgeukia akamtazama, akamngoja. Maji yalipita, yangeyange mmoja akarudi akatua kwenye tope, Ndila bado anamngoja. Lile neno moja lilikuwa bado lipo. Lingekuwa limechelewa, lingekuwa limechafuka, lakini angelipokea hivyohivyo.

"Hizo picha," Githae akasema. "Si utazifuta? Maana zikifika kwa grupu ya kanisa, ama mjomba akiziona..."

Ndila akafunika lenzi yake.

"Sizifuti," akasema. "Siku nikikumiss, nitaziangalia."

Akapanda njia ya katikati ya majani ya ng'ombe, hakukimbia. Kule chini wanaume wawili walikaa na samaki wao kwenye jiwe katikati yao. Halafu, kabla hajafika kwenye mahindi, akamsikia baba yake akiuliza, kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka ng'ambo:

"Huyu ulimnunua wapi?"

"Ruiru, mzee. Kwa friza."

"Walikupunja," Mutisya akasema. "Ungeniuliza."